Kinachojirudia ni Baki

Kompyuta ikiulizwa moja gawanya kwa saba hujibu kabla kidole hakijainuka: 0.14285714285714285. Baada ya nukta zimepangwa tarakimu kumi na saba, na habari inaishia hapo. Mashine haisemi kama jibu limekwisha au limekatwa, wala haisemi nini kingefuata. Mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye penseli na karatasi, akigawanya hatua kwa hatua kama alivyofundishwa, atachukua dakika mbili tatu, lakini akimaliza atajua jambo ambalo mashine haikulisema: kwamba 142857 itajirudia, na haitaacha kujirudia. Mashine hugawanya mara mabilioni kwa sekunde, ilhali hapa imeshindwa na penseli. Sababu ni moja. Mwanafunzi kila anapoandika tarakimu huandika pia kilichobaki chini ya mstari, na mashine kilichobaki imekitupa. Kwa hiyo anayetaka kuandika programu ya kugeuza sehemu kuwa desimali inayojirudia ana kazi ndogo kuliko anavyodhani, mradi asikazie macho desimali. Akazie macho baki. Hiyo ndiyo hoja ya sura hii yote, na nitaitetea hata pale inapoonekana imepitiliza, kwa sababu programu nyingi zinazoharibika katika kazi hii huharibikia hapohapo.

Tuifuate hesabu yenyewe polepole, maana kila kitu kitakachosemwa baadaye kimo ndani yake. Moja haigawanyiki kwa saba, kwa hiyo tunaongeza sifuri na kupata kumi. Kumi kwa saba ni 1, baki 3. Thelathini kwa saba ni 4, baki 2. Ishirini ni 2, baki 6. Sitini ni 8, baki 4. Arobaini ni 5, baki 5. Hamsini ni 7, baki 1. Hapa penseli inasimama, kwa sababu tulianza na 1 na sasa tumerudi kwenye 1. Kuanzia hapa hakuna kipya kinachoweza kutokea. Hatua inayofuata haina chanzo kingine isipokuwa baki lililopo na asili ya sehemu, yaani namba yake ya chini, na asili haibadiliki. Baki likiwa lilelile, tarakimu itakuwa ileile, na baki litakalofuata litakuwa lilelile pia. Tena kurudi huku hakukuwa bahati. Ukigawanya kwa saba, baki haliwezi kuwa jingine zaidi ya 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likiwa 0, hesabu imekwisha. Lisipokuwa 0 kamwe, yapo mabaki sita tu ya kuchezea, na hatua ya saba lazima ikanyage nyayo za mojawapo. Hivyo kila sehemu, iwe na asili ya tarakimu mbili au mia mbili, ama hukoma ama hujirudia, na mzunguko wake hauwezi kuwa mrefu kuliko asili ukitoa moja. Jambo lisilo na mwisho limethibitishwa kwa hatua zinazohesabika.

Programu inayofuata mantiki hii hushika vitu vitatu: baki lililopo sasa, mfuatano wa tarakimu zilizokwisha kuandikwa, na daftari la kila baki lililowahi kuonekana pamoja na mahali lilipoonekana. Kabla ya kila hatua huuliza daftari: baki hili nimeshaliona? Jibu likiwa hapana, huliandika, hulizidisha kwa kumi, hugawanya, huongeza tarakimu moja, na kuendelea. Likiwa ndiyo, hufungua mabano pale baki lilipoonekana mara ya kwanza, huyafunga mwishoni, na kazi imekwisha. Chukua 5/12. Hamsini kwa kumi na mbili ni 4, baki 2. Ishirini ni 1, baki 8. Themanini ni 6, baki 8. Nane imeonekana tena, na mara ya kwanza ilionekana kabla ya tarakimu ya tatu, basi jibu ni 0.41(6). Zile 4 na 1 zimo nje ya mabano kwa sababu mabaki yaliyozizaa, 5 na 2, hayatarudi tena. Hapa ndipo wanaoandika programu hii kwa mara ya kwanza hunaswa. Mfano wa 1/7 huwafanya waamini kwamba mzunguko hufungwa na baki la mwanzo, kwa hiyo huiamuru programu isubiri baki la mwanzo lirudi. Ipe programu hiyo 1/6. Mabaki yake ni 1, kisha 4, kisha 4, kisha 4, na ile 1 haionekani tena. Programu itasubiri hadi umeme ukatike. Mengine, kama alama ya kutoa mbele ya jibu, namba nzima kabla ya nukta na kuikataa asili iliyo sifuri, ni kazi ya mistari michache ambayo haina fumbo.

Pingamizi la kwanza ni la kawaida na lina mvuto: kwa nini kujisumbua na daftari la mabaki wakati jicho linaona wazi kwamba 142857142857 inajirudia? Programu ya kutafuta kipande kinachojirudia katika mfuatano wa herufi ni rahisi kuandika, basi itumike hapa pia. Tatizo ni kwamba tarakimu ni kumi tu, na tarakimu moja inaweza kuzaliwa na mabaki mengi tofauti. Katika 1/17, desimali huanza 0.0588, na 8 imefuata 8. Nyuma ya 8 ya kwanza kulikuwa na baki 15, na nyuma ya 8 ya pili kulikuwa na baki 14. Zinafanana sura, ila machimbuko yake ni tofauti, na baada yake njia zinaachana. Mfano mkali zaidi ni 303030303 gawanya kwa 2,500,000,000. Jibu lake ni 0.1212121212, na hapo hesabu inakoma kabisa, baki sifuri. Programu inayosoma sura ya tarakimu itatangaza kwa ujasiri kwamba 12 inajirudia bila mwisho, yaani kwamba sehemu hii ni 4/33, nayo si 4/33. Upande wa pili, 1/97 ina mzunguko wa tarakimu 96, na jibu la kawaida la kompyuta, lenye tarakimu kumi na sita au kumi na saba za kuaminika, haliwezi kuonyesha hata robo yake. Msoma tarakimu atasema haijirudii. Kwa hiyo njia ya macho hukosea kotekote: huona mzunguko usiokuwapo, na hukosa mzunguko uliopo.

Mpinzani aliye makini hatakata tamaa. Atasema: ongeza tarakimu. Siku hizi zipo maktaba za programu zinazotoa tarakimu elfu moja, elfu kumi, au zaidi. Ni kweli, na hazisaidii kama inavyodhaniwa. Kati ya sehemu zote zenye 1 juu na asili isiyofika elfu moja, yenye mzunguko mrefu kupita zote ni 1/983, na mzunguko wake ni tarakimu 982. Tarakimu elfu moja zingeonyesha duru moja tu na tarakimu kumi na nane za mwanzo wa duru ya pili. Je, kurudi kwa tarakimu kumi na nane ni ushahidi wa kutosha? Kwa nguvu ya macho pekee, hapana. Yupo atakayejibu kwamba ukiijua asili unaweza kuweka kikomo: ukishajua mzunguko hauzidi 982, unaweza kukokotoa idadi ya tarakimu zinazotosha kuondoa shaka. Ni sawa kabisa. Ila kikomo hicho kimetoka wapi? Kimetoka katika kuhesabu mabaki yanayowezekana. Aliyelikataa baki mlangoni amelirudisha dirishani, tena kwa gharama kubwa, kwa sababu sasa anahitaji maelfu ya tarakimu kuthibitisha kile ambacho ulinganifu wa mabaki mawili ungethibitisha mara moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wenye ujuzi wa mashine. Daftari lina gharama. Asili ikiwa na tarakimu kumi, mabaki yanayowezekana ni mabilioni, na kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida itajaa kabla mzunguko haujafungwa. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kulifuata baki hadi ndani zaidi. Iko mbinu inayojulikana kwa jina la Robert Floyd, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, ambayo huendesha mabaki mawili kwa pamoja, moja likienda hatua moja na jingine hatua mbili kwa kila zamu. Ndani ya mzunguko lile la mbio litalifikia lile la polepole, na programu haikuhitaji kukumbuka kitu zaidi ya namba mbili. Wataalamu huiita mbinu ya kobe na sungura, ingawa kobe wa hapa hashindi. Lakini kuna njia iliyo safi zaidi. Rahisisha sehemu kwanza kwa kigawo kikubwa cha shirika. Kisha chukua asili na uondoe vigawo vyake vyote vya 2 na 5, ukihesabu kila kimoja kimetoka mara ngapi. Hesabu iliyo kubwa kati ya hizo mbili ndiyo idadi ya tarakimu zitakazokaa nje ya mabano. Kilichosalia kwenye asili, kama si 1, kipime hivi: anza na 10, ugawanye kwa hicho kilichosalia, uchukue baki, ulizidishe kwa 10, ugawanye tena, uendelee hadi baki liwe 1. Idadi ya hatua ndiyo urefu wa mzunguko. Kwa 1/28, asili ni 2 × 2 × 7. Mbili imetoka mara mbili, kwa hiyo tarakimu mbili zitatangulia. Saba iliyosalia inatoa hatua sita. Na kweli 1/28 ni 0.03(571428). Daftari limetoweka, na programu imebaki na namba chache za kukumbuka. Muda haujapungua sana, kwa sababu mzunguko wa hatua bilioni bado ni hatua bilioni, ila kumbukumbu haijai tena. Jambo moja tu liangaliwe: anayetumia njia hii asisahau kurahisisha sehemu. Ukiiacha 3/12 kama ilivyo, ile 3 iliyo ndani ya 12 itakudanganya kwamba kuna mzunguko, na kumbe sehemu ni robo tu, 0.25. Njia ya penseli haina udhaifu huo, kwa kuwa baki lenyewe hufika sifuri na kusema ukweli.

Kanuni hizi hazikungoja kompyuta. John Wallis wa Uingereza, katika kitabu chake cha aljebra kilichotoka mwaka 1685, alikwisha kueleza kwamba asili yenye kigawo tasa kingine zaidi ya 2 na 5 huzaa desimali isiyokoma. Carl Friedrich Gauss, katika kitabu chake kikuu cha nadharia ya namba cha mwaka 1801, alilipa suala la kugeuza sehemu kuwa desimali nafasi ya heshima na kuambatanisha jedwali la mizunguko kwa asili zisizofika mia moja. Mwaka 1823 Mwingereza Henry Goodwyn alichapa jedwali la mizunguko ya asili zote kuanzia 1 hadi 1024, kazi ya mkono mtupu. William Shanks, aliyeendesha shule ya bweni huko Houghton-le-Spring kaskazini mwa Uingereza, alitafuta urefu wa mizunguko ya namba tasa hadi 60,000, kisha akaendelea mbele zaidi. Shanks anajulikana zaidi kwa jambo jingine: mwaka 1873 alitangaza thamani ya pai hadi nafasi 707 za desimali, na katika miaka ya 1940 ikagundulika kwamba kuanzia nafasi ya 528 alikuwa amekosea. Kosa hilo lilikaa miaka sabini hivi bila kuonekana, na hilo linafundisha kitu kuhusu mada yetu. Tarakimu za pai hazina baki linalorudi nyumbani, kwa hiyo hakuna kitu ndani yake kinachopiga kelele ukikosea. Mizunguko ya namba tasa ina kengele yake: urefu wa mzunguko lazima ugawanye namba hiyo tasa ukitoa moja, kanuni itokanayo na ugunduzi wa Pierre de Fermat wa mwaka 1640. Ukipata kwamba 1/13 ina mzunguko wa tarakimu tano, huhitaji mtu wa kukusahihisha, maana tano haigawanyi kumi na mbili. Jibu sahihi ni sita.

Kengele nyingine ni nzuri zaidi kwa macho. Kata mzunguko wa 1/7 katikati: 142 na 857. Zijumlishe, utapata 999. Kata wa 1/17: 05882352 na 94117647, jumla ni 99999999. Mfaransa aliyeitwa Midy aliandika juu ya tabia hii mwaka 1836, na kwa anayetazama tarakimu pekee itabaki kuwa mazingaombwe ya kuchezea watoto. Anayetazama baki haoni mazingaombwe yoyote. Katika 1/7, baada ya hatua tatu baki ni 6, yaani saba kasoro moja. Katika 1/17, baada ya hatua nane baki ni 16. Kuanzia hapo kila baki la nusu ya pili ni lile la nusu ya kwanza likitolewa kwenye asili, na kwa hiyo kila tarakimu ni ile ya mwanzo ikitolewa kwenye tisa. Programu yenye werevu kidogo, ikigawanya 1 kwa namba tasa na kuona baki limefika kwenye asili kasoro moja, inaweza kusimama palepale na kuandika nusu iliyobaki bila kugawanya tena. Hapo imeokoa nusu ya kazi.

Baki hilo hilo hujibu swali ambalo huzusha mabishano yasiyoisha darasani, lile la 0.999… kuwa sawa na 1. Programu yetu haitaandika kamwe mzunguko wa tisa tupu, hata ukiipa sehemu gani. Ili tarakimu iwe tisa, baki lililotangulia lazima liwe limekaribia sana asili. Na ukifuata hesabu utaona kwamba umbali kati ya baki na asili huzidishwa kwa kumi kila tisa inapoandikwa. Umbali unaokua mara kumi kila hatua hauwezi kuendelea kubaki mdogo kuliko asili, kwa hiyo tisa lazima zikome. Kugawanya kunatupa jina moja tu kwa kila namba, nalo ni lile lisilo na mkia wa tisa. Mabishano yaendelee kama yanapendeza, lakini mashine haimo.

Sasa tugeukie upande wa pili wa jambo, yaani mashine inayotupa baki na kuendelea kana kwamba hakuna kilichopotea. Ndani yake kompyuta haihesabu kwa kumi, huhesabu kwa mbili, na katika mfumo wa mbili asili inayokoma ni ile iliyojengwa kwa 2 pekee. Nusu hukoma, robo hukoma, moja ya nane hukoma. Moja ya kumi haikomi, kwa sababu ndani ya kumi mna tano; huandikwa 0.0 na kisha 0011 ikijirudia bila mwisho. Chini ya kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho kompyuta karibu zote hukifuata, mfuatano huo hukatwa kwenye nafasi ya 53 yenye maana. Ndiyo maana lugha nyingi za programu, zikiulizwa 0.1 jumlisha 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Watu hucheka na kudhani mashine ni mbovu. Mashine ni nzima. Imepewa desimali inayojirudia, ikaikata, na haikuambiwa ikumbuke ilichokikata.

Kwamba kosa ni dogo mno kustahili kelele ndilo pingamizi la tatu, na jibu lake liliandikwa kwa damu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuizuia hatari hiyo haukufyatua. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba nzima, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kosa liliingia pale namba ile ilipozidishwa kwa moja ya kumi iliyohifadhiwa katika nafasi 24 za mfumo wa mbili. Kipande kilichokatwa kilikuwa kama 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa mia moja, ambazo ni sehemu za kumi za sekunde milioni tatu na laki sita. Zidisha, utapata theluthi moja ya sekunde. Scud huenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mtambo ulilitafuta kombora mahali ambapo halikuwapo, zaidi ya nusu kilomita pembeni. Kuuzima na kuuwasha upya kungerudisha kosa kwenye sifuri, na watumiaji walikuwa wamearifiwa kwamba kuuendesha muda mrefu sana kungeleta hitilafu, ila hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Atasema msomaji kwamba hayo ni makombora, na nafasi 24 ni za zamani. Tuchukue basi jambo la nyumbani, mirathi ya Kiislamu, ambayo huamuliwa kila siku katika familia za pwani yetu na ambayo sasa ina programu zake za simu. Mafungu ya Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Matatu ya kwanza hukoma katika desimali, matatu ya mwisho hayakomi. Ipo kesi mashuhuri iitwayo Minbariyya, ambayo hupokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliijibu akiwa juu ya mimbari: mtu amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti theluthi mbili, kila mzazi sudusi. Jumla yake ni 27/24, mafungu yamezidi mali. Kwa kanuni ya auli, inayofuatwa na madhehebu ya Kisunni, asili hupandishwa kutoka 24 hadi 27, na mke hupata 3/27, yaani moja ya tisa, 0.125 iliyokuwa inakoma imegeuka 0.(1). Kila binti hupata 8/27, ambayo ni 0.(296), na kila mzazi 4/27, ambayo ni 0.(148). Programu ikikadiria kwa nafasi mbili itagawa 0.11, 0.30, 0.30, 0.15 na 0.15, jumla 1.01. Kwa mali ya shilingi milioni 27 imegawa 270,000 zisizokuwapo. Ikikadiria kwa nafasi tatu itapata 0.111, 0.296, 0.296, 0.148 na 0.148, jumla 0.999, na shilingi 27,000 hazina mwenyewe. Kwa sehemu hesabu ni nyepesi hata kwa kichwa: mke milioni tatu, kila binti milioni nane, kila mzazi milioni nne, na hakuna senti iliyopotea.

Mfano huo unaweza kugeuzwa dhidi yangu. Kama sehemu ndizo salama, basi tubaki nazo, na programu ya kugeuza sehemu kuwa desimali inayojirudia haina kazi. Nusu ya pingamizi hili naikubali bila shida. Hesabu inayohitaji usahihi ifanywe kwa kiasi na asili, yaani namba ya juu na ya chini ya sehemu. Lugha ya Python ina maktaba ya sehemu tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, na mwandishi wa programu ya mirathi asiyeitumia ana la kujieleza. Lakini watu hawalinganishi sehemu kwa urahisi. Ni wachache watakaosema papo kwa hapo ipi kubwa kati ya 16/27 na 13/22, lakini zikiandikwa 0.(592) na 0.5(90), swali limejibiwa na macho. Desimali yenye mabano inampa msomaji ukubwa wa namba bila kumnyang'anya ukweli wake, kwa kuwa njia ya kurudi iko wazi: mzunguko wa tarakimu tatu ukiwekwa juu ya 999 hurudisha sehemu ileile, na 592/999 ikirahisishwa ni 16/27. Jibu la kompyuta la 0.5925925925925926 halina njia hiyo ya kurudi. Ile 6 ya mwisho ni ya kukadiria, na hakuna anayeweza kuitofautisha na tarakimu halali kwa kuitazama.

Kuna mahali pamoja ambapo baki halitoshi, na hoja yangu inapaswa kuishia hapo. Kwa sehemu yoyote moja, programu itafikia mwisho na kutoa uthibitisho. Ukiuliza kuhusu asili zote kwa pamoja, mambo hubadilika. Baadhi ya namba tasa hutumia mabaki yao yote kabla ya kurudi, kama 7, 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97. Hizo ni tisa kati ya namba tasa 25 zisizofika mia moja. Chini ya elfu moja ni 60 kati ya 168, chini ya elfu kumi ni 467 kati ya 1,229. Uwiano unaelea karibu na asilimia 37. Mwaka 1927 mwanahisabati Emil Artin alikisia kwamba namba za aina hii hazina mwisho, na kisio lake linatabiri uwiano wa 0.3739 na kitu. Mwaka 1967 Christopher Hooley alionyesha kwamba kisio hilo ni la kweli ikiwa dhana ya Riemann, katika umbo lake pana, ni ya kweli. Na dhana hiyo bado haijathibitishwa. Programu ya mistari ishirini inaweza kuongeza orodha hiyo usiku kucha, kila namba ikithibitishwa na baki lake, na kufikia asubuhi swali la Artin litakuwa palepale, kwa sababu safari hii hakuna asili moja inayoweka kikomo cha hatua.